Ndege ya Upelelezi Iliyomfichua Adui wa Ozoni

Katika mwezi wa Agosti 1987, ndege moja nyeupe, yenye injini moja na mabawa marefu kupita kiasi, ilitua katika mji wa Punta Arenas, ulioko kusini kabisa mwa nchi ya Chile. Haikubeba bunduki wala bomu. Haikuwa imetumwa kupiga picha za kambi za majeshi, ijapokuwa ukoo wake ulijipatia sifa, na lawama vilevile, kwa kazi hiyo. Puani mwake, tumboni, na katika mapipa mawili yaliyofungwa mabawani, mlijaa vyombo vya kupimia hewa.

Makala haya yanakusudia kuwaeleza wapiganaji na askari polisi habari za ndege hiyo na kazi iliyotumwa kuifanya. Ni habari ya sayansi, lakini ndani yake mna mambo ambayo kila askari anayafahamu: doria katika eneo la hatari, ukusanyaji wa taarifa, upelelezi wa kosa, na ushahidi ambao hapana wakili awezaye kuupangua.

UKOO WA ZANA ZA VITA

Ndege hiyo iliitwa ER-2. Ni jamaa wa karibu wa U-2, ndege ya upelelezi iliyobuniwa na mhandisi Clarence Johnson wa kampuni ya Lockheed, na kuruka kwa mara ya kwanza mwezi wa Agosti 1955. Waliopitia vyuo vya kijeshi watakumbuka kwamba tarehe 1 Mei 1960 ndege ya namna hiyo, ikiendeshwa na Francis Gary Powers, iliangushwa kwa kombora karibu na mji wa Sverdlovsk katika Urusi ya Kisovieti, na rubani akakamatwa. Katika Oktoba 1962 ndege za U-2 ndizo zilizopiga picha za makombora ya Kisovieti katika kisiwa cha Kuba. Rubani mmoja, Meja Rudolf Anderson, aliuawa tarehe 27 ya mwezi huo ndege yake ilipotunguliwa.

Mwaka 1971 shirika la anga la Marekani, NASA, lilipewa U-2 mbili kwa ajili ya kazi za sayansi, na mwaka 1981 likapata ER-2 ya kwanza. Sifa iliyowavutia wapelelezi wa kijeshi ndiyo iliyowavutia pia wataalamu wa hewa. Ndege hii hupaa hadi mita zipatazo 21,000, yaani zaidi ya mara tatu ya urefu wa Mlima Kilimanjaro, na huweza kukaa huko kwa saa nyingi. Ndege za abiria hukomea kiasi cha nusu tu ya kimo hicho.

NGAO ILIYOKO JUU YETU

Hewa tuivutayo, ikiwa kavu, ina naitrojeni sehemu 78 katika kila 100, oksijeni sehemu 21, na agoni karibu sehemu moja. Gesi nyingine zote hugawana kipande kidogo kilichobaki. Mtu angeweza kudhani kwamba gesi haba namna hiyo hazina maana yoyote. La hasha. Maisha ya viumbe juu ya nchi kavu yanaitegemea mojawapo, nayo ni ozoni.

Ozoni nyingi hukaa kati ya kilometa 15 na 35 juu ya ardhi. Hata huko ilikojaa zaidi, haizidi sehemu kumi hivi katika kila sehemu milioni moja za hewa. Kama ingewezekana kuikusanya ozoni yote iliyo juu ya vichwa vyetu na kuishusha hadi usawa wa bahari, ingefanya utando wenye unene wa milimita 3 hivi tu. Lakini utando huo mwembamba ndio unaozuia sehemu kubwa ya mionzi ya jua iitwayo urujuanimno, ambayo huleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho, na kudhuru mimea pamoja na viumbe wadogo wa baharini.

Mwaka 1974 wanakemia wawili wa Chuo Kikuu cha California, Mario Molina na Sherwood Rowland, walitoa onyo katika jarida la Nature. Walisema kwamba gesi za kloroflorokaboni, zilizotumiwa duniani kote katika friji, mikebe ya kupulizia manukato na dawa za wadudu, na utengenezaji wa sponji, haziozi wala kuoshwa na mvua. Hupanda polepole hadi anga la juu, na huko mionzi mikali ya jua huzivunja na kuifungua klorini iliyomo ndani yake. Chembe moja ya klorini huweza kuharibu chembe za ozoni zipatazo 100,000 kabla haijatulizwa, kwa kuwa baada ya kila shambulio hurudi katika hali yake ya kwanza na kushambulia tena.

Onyo hilo lilikuwa hesabu ya karatasini. Wenye viwanda walijibu kwamba hesabu si ushahidi, na kwa hoja hiyo walikuwa na haki ya kudai kithibitisho.

TAARIFA AMBAYO HAIKUAMINIKA

Mwezi wa Mei 1985 Waingereza watatu, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walitangaza habari iliyowashtua wataalamu. Katika kituo chao cha Halley Bay, ukingoni mwa bara la barafu la Antaktika, ozoni ilikuwa ikipimwa kila mwaka tangu miaka ya 1950 kwa chombo kinachosomea mwanga wa jua kutoka ardhini. Vipimo vyao vilionyesha kwamba kila mwezi wa Oktoba, jua linaporudi baada ya usiku mrefu wa majira ya baridi, ozoni ilikuwa ikipungua mwaka hata mwaka, na sasa theluthi moja hivi ilikuwa imetoweka.

Setalaiti ya Marekani Nimbus 7 ilikuwa imekwisha kuiona hali hiyo kutoka juu. Lakini tarakimu zake zilikuwa ndogo mno kuliko yote yaliyopata kuonekana, hata zikatiwa alama ya kutiliwa shaka na kuwekwa kando zingoje uchunguzi. Hapa kuna funzo kwa kila mlinzi na kila mpokea taarifa. Jicho lilikuwa macho na lilitoa taarifa, ila waliopaswa kuipokea hawakutazamia kuona jambo la namna hiyo. Taarifa isiyolingana na mazoea isitupwe. Ndiyo inayostahili kuchunguzwa mapema kuliko nyingine.

WATUHUMIWA WATATU

Sasa kosa lilikuwa limethibitika: ozoni imetoweka. Swali likawa ni la mpelelezi: nani aliyeiondoa? Kufikia mwaka 1987 watuhumiwa walikuwa watatu, na kila mmoja alikuwa na mawakili wake miongoni mwa wataalamu.

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa upepo. Baadhi ya wataalamu walisema kwamba hapana kitu kilichoharibiwa. Hewa ya chini, ambayo kwa kawaida ina ozoni chache, imeinuliwa na upepo na kuisukuma kando ile ya juu. Wa pili alikuwa jua. Ilisemwa kwamba msukosuko mkubwa wa jua wa karibu na mwaka 1980 ulizalisha oksaidi za naitrojeni kwa wingi, na hizo ndizo zilizoila ozoni. Wa tatu alikuwa klorini itokayo katika bidhaa za viwanda. Mwanasayansi Susan Solomon na wenzake walieleza mwaka 1986 kwamba katika baridi kali ya Antaktika hutokea mawingu ya barafu katika anga la juu, na juu ya chembe za mawingu hayo klorini iliyokuwa imefungwa katika misombo isiyo na madhara hufunguliwa. Mwaka huo huo Solomon aliongoza msafara wa kupima kutoka ardhini katika kituo cha McMurdo, na dalili zilizopatikana zilimwelekea mtuhumiwa huyu wa tatu.

Uzuri wa kesi hii ni kwamba kila mtuhumiwa, kama ndiye mkosaji, angeacha alama zake za vidole, na alama hizo ni gesi haba zenyewe. Kama ni upepo ulioinua hewa ya chini, basi gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo hutoka ardhini na hupungua kadiri mtu apandavyo, ingeonekana kwa wingi huko juu. Kama ni jua, oksaidi za naitrojeni zingejaa tele. Kama ni klorini, gesi ya klorini monoksaidi, ambayo huzaliwa pale klorini inaponyang'anya ozoni chembe moja ya oksijeni, ingeonekana kwa kiasi kisicho cha kawaida, na misombo ya naitrojeni ingekuwa haba.

Ushahidi wa kukata shauri usingepatikana kwa kutazama kutoka mbali. Chombo cha ardhini husoma hewa yote kwa pamoja, kutoka chini hadi juu. Puto hufuata upepo na haliwezi kuamriwa mahali pa kwenda. Setalaiti hutazama kutoka mbali sana. Ilibidi mtu aende mwenyewe hadi mahali pa tukio, avuke mpaka wa eneo lililoharibiwa, na achukue sampuli hatua kwa hatua akienda na akirudi.

RUBANI PEKE YAKE

Watu wapatao 150, wanasayansi, mafundi na marubani, walikusanyika Punta Arenas. Ndege zilikuwa mbili. Ya kwanza, DC-8 yenye injini nne, ilibeba wataalamu wengi na vyombo vya kutazama juu, na kufanya safari 13. Ya pili ilikuwa ER-2, iliyobeba mtu mmoja tu na kufanya safari 12 ndani ya anga la Antaktika.

Yafaa tueleze hali ya mtu huyo. Kabla ya kuruka, rubani huvuta oksijeni tupu kwa muda wa saa nzima ili naitrojeni itoke katika damu yake; vinginevyo ingeweza kufanya mapovu mwilini mkandamizo wa hewa unaposhuka. Huvaa vazi zima lisilopitisha hewa, lenye kofia ya kioo, kwa sababu juu ya mita 19,000 hivi hewa ni nyepesi kiasi cha kufanya mate na machozi yachemke kwa joto la mwili. Chakula chake ni uji mzito ulio katika mrija kama wa dawa ya meno, nao hupitishwa katika tundu la kofia.

Katika kimo hicho ndege hukaa kwenye ncha ya kisu. Ikipunguza mwendo kidogo tu, mabawa hushindwa kuibeba. Ikiongeza kidogo tu, hutikisika na kuweza kuvunjika. Rubani hana budi kuushika mwendo huo mwembamba kwa saa nyingi. Na anaporudi akiwa amechoka, ndege yake ina magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja, mbele na nyuma, mithili ya baiskeli. Kwa hiyo rubani mwenziwe humfuata kwa gari kwa kasi kwenye njia ya kutulia na kumhesabia kwa redio kimo kilichobaki hadi magurudumu yaguse chini.

Njia ya safari ilikwenda kusini juu ya bahari yenye barafu na rasi ya Antaktika, hadi latitudo ya 72. Ndege iliruka katika kimo cha kilometa 18 na nusu hivi, ikashuka kilometa kadhaa ilipofika mwisho wa safari ili kupima hewa ya chini, kisha ikapanda tena na kurudi. Baridi ya nje ilipita nyuzi 80 chini ya sifuri. Injini ilikuwa moja. Kama ingezimika, chini yake palikuwa na bahari ya barafu na bara lisilo na watu, katika majira ya baridi. Marubani waliijua hatari hiyo, na walikwenda.

"NANI HUYO?"

Miongoni mwa vyombo vilivyobebwa, kilichongojwa kwa hamu kuliko vyote kilikuwa cha kupimia klorini monoksaidi. Kilitengenezwa na James Anderson wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, na kufungwa katika pipa la bawani. Kazi yake ilikuwa ngumu: kutafuta gesi ambayo hata ikiwa nyingi haizidi sehemu moja hivi katika milioni elfu, ndani ya hewa iliyo nyembamba na inayoingia kwa kasi ya mita 200 kwa sekunde.

Namna kinavyofanya kazi haimwii vigumu kuielewa askari aliyesimama lindo usiku. Mlinzi hamtambui mtu kwa kumwona gizani. Humwuliza, "Nani huyo?" na kudai neno la siri. Ajibuye sawasawa ndiye anayetafutwa.

Kwanza hewa hupunguzwa kasi ndani ya mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, ili iliyogusa kuta isichanganyike na iliyo safi. Kisha huchanganywa na gesi kidogo ya naitriki oksaidi, ambayo huinyang'anya klorini monoksaidi oksijeni yake na kuiacha klorini ikiwa peke yake. Hapo taa maalumu huwaka kwa mwanga wa urujuanimno wa namna moja tu, mwanga ambao klorini pekee huupokea na kuurudisha. Hilo ndilo neno la siri. Chombo cha kuhesabia mwanga huhesabu vimulimuli hivyo vinavyorudi, na kutokana na idadi yake hujulikana kiasi cha klorini kilichokuwamo.

Vyombo vingine vilifanya kazi sambamba. Kimoja kilipima ozoni kwa kuangalia inavyouzuia mwanga wa urujuanimno, kikilinganisha hewa ya nje na hewa iliyokwisha kuondolewa ozoni. Kingine kilipima naitrasi oksaidi kwa mwali wa leza. Vilikuwapo vya misombo ya naitrojeni, vya mvuke wa maji, vya chembe za barafu, na vya kupima joto, mkandamizo na upepo. Chupa za chuma zilijazwa hewa njiani ili zikachunguzwe katika maabara. Kila chombo kiliandika saa yake, hata baadaye ikawezekana kusema: katika dakika hii, mahali hapa, gesi hizi zote zilikuwa kiasi hiki.

TAREHE 16 SEPTEMBA

Tarehe 23 Agosti, ndege ilipovuka duara kubwa la upepo linaloizunguka Antaktika wakati wa baridi, klorini monoksaidi ilionekana kupanda ghafla. Lakini ozoni ya ndani ya duara ilikuwa bado karibu sawa na ya nje. Mtuhumiwa alikuwa ameonekana mahali pa tukio akiwa na silaha mkononi, ila kosa lilikuwa halijatendeka. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kurudi, na pasipo mwanga wa jua klorini haiwezi kuendelea na uharibifu wake.

Baada ya siku 24, tarehe 16 Septemba, ndege ilipita njia ile ile. Ilipokuwa kati ya latitudo ya 65 na 70 kusini, klorini monoksaidi ilipanda tena, hadi kufikia sehemu moja hivi katika milioni elfu, kiasi kinachozidi zaidi ya mara 100 kile cha kawaida cha latitudo za kati. Mara hii, mahali hapo hapo, ozoni iliporomoka kutoka zaidi ya sehemu mbili katika milioni hadi karibu sehemu moja. Mistari miwili ilipochorwa katika karatasi moja, kila mmoja ulipopanda mwingine ulishuka, hata katika vikunjo vidogo vidogo. Hapana mchoro uliotazamwa zaidi ya huo katika historia nzima ya jambo hili.

Watuhumiwa wengine nao walipata hukumu yao. Naitrasi oksaidi ndani ya duara ilikuwa chache, maana yake hewa ilikuwa imeshuka kutoka juu wala haikuinuliwa kutoka chini; upepo ukaachiliwa. Misombo ya naitrojeni ilikuwa haba pia, kwa kuwa sehemu yake kubwa ilikuwa imegandia katika chembe za barafu; jua nalo likaachiliwa. Upepo na baridi vilikuwa vimetayarisha mahali pa tukio, lakini mtenda kosa alikuwa klorini, na sehemu kubwa ya klorini hiyo ilitoka mikononi mwa binadamu.

Matokeo ya awali yalitangazwa tarehe 30 Septemba 1987. Mwaka 1995 Molina na Rowland, pamoja na Paul Crutzen wa Uholanzi aliyechunguza kazi ya oksaidi za naitrojeni, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

MKATABA NA POLISI WAKE

Siku ile ile ya tarehe 16 Septemba 1987, ndege ikiwa angani kusini mwa dunia, wajumbe wa mataifa walikuwa wakitia saini katika mji wa Montreal, Kanada, mkataba wa kupunguza kloroflorokaboni. Mataifa 24 na Jumuiya ya Ulaya walitia saini siku hiyo. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizofanya hivyo. Mazungumzo yaliendeshwa chini ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao makuu yake Nairobi, na mkuu wake wakati huo alikuwa Mmisri Mostafa Tolba. Wajumbe hawakungoja matokeo ya ndege. Walikata shauri kwa tahadhari, kwa ile busara ya wazee kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini ufa ulikuwa mkubwa kuliko walivyodhani, na mkataba wa kwanza uliagiza kupunguza nusu tu. Ushahidi wa ER-2 ndio uliosaidia kuukaza. Mkutano wa London wa 1990 uliamua kukomesha kabisa, na ule wa Copenhagen wa 1992 ukaharakisha tarehe, hata nchi tajiri zikaacha kutengeneza kloroflorokaboni mwanzoni mwa 1996, na nchi zinazoendelea mwaka 2010. Leo nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa zimeuridhia mkataba huo.

Hata hivyo, sheria isiyo na doria hugeuka maandishi matupu. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba gesi iitwayo CFC-11 ilikuwa haipungui kwa kasi iliyotazamiwa; mtu fulani alikuwa akiitengeneza tena kwa siri tangu mwaka 2012 hivi. Hewa iliyopimwa katika vituo vya Korea ya Kusini na Japani, pamoja na hesabu za mwelekeo wa upepo, ilionyesha mwaka 2019 kwamba sehemu kubwa ya gesi hiyo ilitoka mashariki mwa China. Hatua zilichukuliwa, na vipimo vilivyofuata vikaonyesha imepungua tena. Mhalifu aliyefunga milango ya kiwanda chake alisahau kwamba moshi wake hauna mlango.

ANGA LA AFRIKA

Kazi ya kupima hewa kutoka angani haikubaki katika nchi za barafu. Warusi nao waligeuza zana yao. Ndege ya M-55 Geophysica ilitokana na ndege ya Kisovieti iliyokusudiwa kutungua maputo ya kijasusi, na mwezi wa Agosti 2006 iliruka kutoka Ouagadougou, Burkina Faso, kuchunguza hewa inayopandishwa na mawingu ya radi ya masika. ER-2 yenyewe iliruka kutoka Pietersburg, Afrika ya Kusini, katika Agosti na Septemba 2000, kuchunguza moshi wa mioto ya nyika. Mzee DC-8 alistaafu mwaka 2024.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ikishirikiana na Waswisi imekuwa ikirusha maputo yenye vyombo vya kupimia ozoni kutoka Nairobi tangu miaka ya 1990. Rwanda ina kituo juu ya Mlima Mugogo, kilichojengwa kwa ushirikiano na chuo cha teknolojia cha Massachusetts, kinachopima gesi haba zinazoletwa na upepo. Na ni mjini Kigali, tarehe 15 Oktoba 2016, mataifa yalipokubaliana kupunguza gesi za haidroflorokaboni. Gesi hizo ziliwekwa mahali pa zile za zamani, nazo haziidhuru ozoni, lakini huongeza joto la dunia. Makubaliano hayo yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019.

WAJIBU WA ASKARI

Askari atauliza: hayo yote yananihusu nini mimi? Yanamhusu kwa namna mbili.

Ya kwanza ni mitungi ya kuzimia moto. Katika vifaru, ndege za kivita na vyumba vya mitambo ya majeshi mengi ya dunia ilifungwa mitungi yenye gesi ziitwazo haloni. Ni hodari wa kuzima moto bila kuharibu mitambo, lakini zina bromini, ambayo huishambulia ozoni kwa ukali kuliko klorini. Nchi tajiri ziliacha kuzitengeneza mwishoni mwa 1993, na zinazoendelea mwaka 2010. Iliyobaki ni akiba. Fundi anayefungua mtungi wa haloni ili aone kama unafanya kazi, au anayeumwaga kwa kuwa umepitwa na wakati, anapoteza mali ya jeshi na kuitoboa ngao ya wote kwa mkono mmoja. Mtungi wa namna hiyo huandikwa katika daftari, hutunzwa ghalani, na hukabidhiwa kwa wenye ujuzi wa kuitoa gesi yake salama.

Ya pili ni mipaka. Tangu mabadiliko ya mkataba yaliyofanywa mwaka 1997, gesi hizi haziingii wala kutoka katika nchi bila leseni. Askari polisi aliye kizuizini, anayekuta mitungi ya gesi ya friji isiyo na karatasi au yenye maandishi yaliyobandikwa juu ya mengine, asiione kuwa ni bidhaa ndogo ya duka la fundi. Aiwekee kizuizi na kuwaita wanaojua kupima kilichomo ndani.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka 2022 kwamba, mkataba ukiendelea kuheshimiwa, ozoni ya sehemu kubwa ya dunia itarudi katika hali yake ya mwaka 1980 ifikapo karibu na 2040, na ile ya Antaktika karibu na 2066. Muda ni mrefu kwa sababu gesi zilizokwisha kupanda hukaa angani miaka 50, nyingine 100. Kuruta anayeapishwa leo huenda akawa babu siku tundu la Antaktika litakapozibika. Zamu hii ya lindo ni ndefu kuliko maisha ya kazi ya mtu mmoja, na kila anayeishika hana budi kuikabidhi kwa mwenzake ikiwa salama.